Kadi Iliyozidi Kidole Kimoja

Wiki iliyopita mteja aliniletea kompyuta yake dukani, hapa Kamembe ninapochapa barua na kutoa fotokopi, akalalamika kwamba inazima yenyewe. Nilipofungua ubavu wake, harufu ilinipanda puani: vumbi lililopikwa polepole na joto, na plastiki iliyochoka. Nikasimama na bisibisi mkononi, nimeduwaa. Mteja akadhani nimeona ugonjwa mkubwa. Nikamtuliza, nikamwambia ni vumbi tu. Ninyi nitawaambia kile ambacho yeye sikumwambia: dakika ile sikuwa dukani. Nilikuwa Bugarama, nina miaka tisa, nimepiga magoti kando ya kitanda cha kaka yangu Olivier.

Nyumba yetu ilikuwa kati ya mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji. Papa alikuwa fundi wa mota kiwandani, na Maman alikuwa akinunua mchele kwa wakulima na kuuvusha mto kwenda kuuza Bukavu. Wote wawili walikulia Congo kabla ya kurudi Rwanda, kwa hiyo Kinyarwanda kilikuwa cha shule na barabarani, ila ukishavuka kizingiti chetu ulikuta Kiswahili cha kule ng'ambo. Vumbi la saruji lilikaa juu ya kila kitu. Ukisahau sahani mezani, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake.

Mwaka huo Olivier alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa hakai. Mpira, baiskeli, kuogelea mahali alipokatazwa. Siku moja alikuwa anashuka na baiskeli mteremko wa Gikundamvura, breki zikakataa, akavunjika mfupa wa paja. Walimfunga plasta kutoka kiunoni mpaka vidoleni, wakamrudisha nyumbani alale chali na kusubiri. Kumfunga mtoto yule kitandani ilikuwa adhabu ya nyumba nzima. Wiki za kwanza alikuwa anageuza uso ukutani, hata mimi hanisemeshi.

Kilichomgeuza ni kompyuta. Mhandisi mmoja wa kiwandani alihama, akamwachia Papa mashini yake ya zamani, sanduku zito la bati lenye kelele, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kuendesha lori milimani. Papa aliiweka kwenye benchi kando ya kitanda, akamwekea Olivier kinanda cha kuandikia juu ya tumbo. Tangu siku hiyo kaka yangu akawa dereva, na mimi nikawa tandiboi wake. Kazi yangu ilikuwa kumwambia kama kuna kona.

Kona zenyewe zilikuwa hazionekani. Kadi ya picha, ile sehemu ya mashini inayochora unachokiona kwenye kioo, ilikuwa imezeeka, tena ilikuwa imejengewa kwenye ubao mkuu wa mashini. Ili lori liende bila kukwamakwama, ilibidi Olivier aondoe vivuli, aondoe majani, na mwishoni auvute ukungu karibu kabisa. Miti ilikuwa kama mbao zilizochomekwa ardhini. Mto ulikuwa utepe wa buluu uliolala bila kutikisika. Na mbele, hatua kama arobaini hivi, dunia yote iliishia kwenye ukuta mweupe. Tuliendesha siku nzima tukiufukuza ukuta ule, nao ulikuwa unarudi nyuma kwa mwendo wetu uleule.

"Kule nyuma kuko nini?" Olivier aliniuliza siku moja, kama vile mimi nimewahi kufika.

Hapo ndipo ulipoanza mjadala wa kubadilisha kadi. Olivier aliazima simu ya Papa akasoma, akaandika kwenye daftari majina ya kadi, herufi na namba tupu, akayakariri kama litania. Papa hakuwa mtu wa kukubali. Papa alikuwa mtu wa kusema tutaona. Kwanza alisema huenda kadi haijachoka bali imekabwa, akaleta pampu ya baiskeli, akaipuliza mashini tundu baada ya tundu mpaka chumba kikawa cheupe na sote tukawa tunakohoa. Ukungu ukasogea mbele kidogo kwa siku mbili, kisha ukarudi. Halafu akageukia umeme. Alichomoa lile kopo la chuma linaloilisha mashini, akakaa nalo mlangoni penye mwanga, akasoma maandishi ya ubavuni.

"Mashini ni kama muntu," akatuambia. "Kwanza uulize inakula nini. Ukileta mugeni mwenye anakula sana, bote balala njaa."

Maana yake ilikuwa hivi: kadi kubwa zinaomba waya wake wa umeme, na kopo letu halikuwa na waya huo. Ukilazimisha, kopo linaungua na huenda likaondoka na mashini nzima. Jambo hilo ndilo lililomtisha Papa. Kwa kutafuta kuona mbali zaidi, Olivier angeweza kupoteza hata zile hatua arobaini alizokuwa nazo, na kuugeukia ukuta wa chumba tena. Maman alisikia yote hayo akiwa anapeta mchele, akasema mgonjwa haulizwi uji, mtoto apewe. Papa akasema tutaona.

Kisha Papa akaenda hospitalini kupeleka picha za mguu zilizopigwa majuzi. Alirudi mchana na ile bahasha kubwa ya kahawia, akaipandisha juu ya kabati la chumba cha Olivier bila kuifungua. Alizungumza na Maman jikoni kwa sauti ya chini, muda mrefu, mpaka maharage yakashika chungu. Alipotoka akatazama mashini, akaniambia, "Neema, pima ile nafasi. Maman yako ataenda soko ya Bukavu."

Nilikimbia mpaka kwa jirani kuwatangazia. Nilikuwa nimesali rozari nzima kwa ajili ya kadi ile, na nilijua kabisa sala yangu ndiyo iliyofika.

Sasa niwaeleze jinsi kwetu tulivyokuwa tunanunua viatu. Maman hakuwa akivuka mpaka na watoto. Alikuwa anatukanyagisha chini, anachukua kamba ya mgomba, anapima kutoka kisiginoni mpaka ncha ya kidole gumba, anafunga fundo. Kisha anaongeza upana wa kidole kimoja, anafunga fundo la pili, na hilo la pili ndilo analonunulia. "Mutoto anakuaka, kiatu haikuake," alikuwa akisema. Sijawahi kuvaa kiatu kipya kilichonitosha. Nilivivaa na gazeti mbele mpaka mwaka uliofuata.

Basi nilipiga magoti mbele ya sanduku lililo wazi, nikanyoosha kamba kutoka mgongoni mwake, pale kadi inaposhikiliwa, mpaka kwenye kijumba cha bati kinachobeba diski. Nikafunga fundo. Papa alihakikisha, akamfundisha Maman neno moja tu la kumwambia mfanyabiashara: kadi isiwe na tundu la waya. Wiki ilipoisha, siku ya soko, Maman akaikunja kamba kwenye pindo la kitenge, akabeba mchele wake.

Alirudi amebadilisha magunia mawili ya mchele kwa kadi moja, na uso wake uling'aa. Akaifungua kutoka kwenye taulo. Ilikuwa nzito, nyeusi, yenye mapanga mawili ya upepo. Tundu la waya halikuwapo, alikuwa ameuliza vizuri. Olivier aliishika kwa mikono miwili, akainusa. Papa akaiingiza ndani ya sanduku, akaisukuma, akaitoa, akaigeuza, akaisukuma tena. Haikuingia. Ncha yake ilikuwa inagonga kile kijumba cha diski, imezidi kwa upana wa kidole kimoja kamili.

Papa akaiomba kamba. Akaikuta ina mafundo mawili.

"Niliiachia kidole," Maman akasema polepole.

"Ya kukulia?"

"Njo," Maman akakiri.

Papa alimtazama, akaitazama kadi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani, na machozi yakamtoka, na Olivier naye akacheka huku ameshika plasta kwa maumivu, na Maman akatupiga sote kwa taulo. Tangu baiskeli ile ianguke nilikuwa sijamsikia Papa akicheka. Kwangu mimi hata kama hadithi ingeishia hapo ingetosha.

Lakini kicheko kiliisha na kadi bado ilikuwa nje. Kungojea soko lingine, kumtafuta yule mfanyabiashara, kumbembeleza abadilishe, hayo yote yalikuwa yanawezekana, na yalikuwa yanafanana sana na Papa. Badala yake aliinuka, akaenda kuchukua msumeno wa chuma.

"Papa, ikiharibika?" Olivier akauliza.

"Ikiharibika, mi njo nitakuwa nimeiharibu. Haiko we."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Alitandika kitambaa cha meza cha Maman, kile cha Krismasi, akavichomoa viungo vya mashini kimoja kimoja na kuvipanga juu yake kwa mfuatano wa kuvirudisha. Alipeleka sanduku tupu uani ili chembe za chuma zisije zikaingia mahali zitakapoua. Nilishika bati, naye akakata. Meno yangu yalitetemeka kwa ule mlio. Kisha akaisugua mikato kwa tupa, akaifuta kwa kitambaa chenye maji, akaikausha, akarudisha kila kitu. Kadi iliingia, ikalia ta, ikakaa.

Akawasha. Kioo kikabaki cheusi.

Mapanga yalikuwa yanazunguka, taa ndogo inawaka, na kioo ni cheusi tii. Papa alishika ukingo wa benchi. Nilimwona amezeeka mbele ya macho yangu, na nikaanza kulia kimyakimya kwa sababu mimi ndiye niliyeishika kamba.

"Papa," Olivier akasema kutoka kitandani, "ile waya iko bado ku shimo ya zamani."

Kweli. Waya wa kioo ulikuwa umerudishwa pale pale ulipokuwa siku zote, kwenye ubao mkuu. Papa akauhamisha kwenye kadi mpya, na mwanga ukaja.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu nilichokiona, nao hutabasamu, kwa sababu leo kila mtoto mwenye simu ameona zaidi. Olivier aliwasha lori, akarudisha majani, akarudisha vivuli, kisha akausukuma ukungu mpaka mwisho. Ukuta mweupe ukaondoka. Nyuma yake palikuwa na mlima, na nyuma ya mlima mlima mwingine wa kijani kilichofifia, na mwingine wa buluu, na barabara yetu, ile ile tuliyoiendesha miezi miwili bila kuijua, ilikuwa inapanda na kushuka juu ya milima hiyo yote kama uzi. Vidimbwi barabarani vilikuwa vimebeba mawingu. Jani moja lilianguka, na kivuli chake kikaanguka nalo. Nilisahau kutangaza kona. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono, na nilihisi kile nilichokuwa nahisi kanisani mlango mkubwa unapofunguliwa.

Baada ya mlima wa tatu likatokea ziwa, jua limelala juu yake vipande vipande, na kila kipande kinatembea. Maman alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi.

"Ile ni Kivu?"

"Apana, Maman. Haiko fasi yoyote. Bantu banaitunga tu."

"Bantu banatunga maji," Maman akasema kwa sauti ndogo, akakaa chini sakafuni na unga wake.

Olivier alisimamisha lori ukingoni mwa ziwa. Papa akasogea, akakaa kwenye pembe ya kitanda, akamshika kaka yangu ule mguu mzima.

"Olivier. Munganga alisema mufupa imeshika mubaya. Batakupasula, baiunge tena. Njo wiki yenye inakuya, na miezi ingine mine ku kitanda."

Olivier hakugeuka. Macho yake yalibaki kwenye maji. Nilisikia mapanga ya kadi yakizunguka, na harufu ya vumbi likianza kupata joto.

"Itauma?"

"Itauma. Mi nitakuwa pale."

Kaka yangu akasema, "Basi mukae bote. Naenda kubapeleka kule ngambo." Tukakaa wote wanne kitandani na sakafuni, akatuzungusha ziwa lile taratibu mpaka jua la mle ndani likazama.

Kwa miaka mingi nilidhani jioni ile ilihusu kadi. Nilikuwa mtu mzima Maman aliponiambia kwamba siku ya bahasha, kule jikoni, Papa hakuuliza lolote juu ya mashini. Aliuliza kama wamwambie Olivier, na wamwambieje, na akasema hana nguvu ya kulisema neno lile mbele ya ukungu. Nilimstahi Papa upya niliposikia hivyo. Nikampigia Olivier simu kumweleza, nikiwa na furaha ya mtu aliyevumbua jambo.

Akacheka. Siku hizi anaishi Bugarama, anatembea akichechemea kidogo, na ana watoto.

"Nilijua tangu siku Papa alikubali," akasema. "Papa hakubalake kitu mara moja. Na mi nililala natazama ile bahasha siku nzima, nilikuwa na kazi gani ingine?"

"Juu ya nini hukusema?"

"Balikuwa banatafuta kitu ya kunipa kwanza. Niliacha banipe."

Mtoto wa miaka kumi na minne. Wiki nzima alilibeba neno lile peke yake, akacheka kwa sababu ya kidole cha Maman, akamwambia Papa kuhusu waya, akauliza kama itauma kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Nami nilikuwa nimekaa ubavuni pake muda wote, nikistaajabia maji.