Mvua ya Kisima

Juzi, kwenye bustani ya hoteli moja mjini Bariadi, nilimwona mfanyakazi akiopoa utando wa kijani bwawani, na harufu ile ya tope bichi ikanirudisha nyumbani Dutwa.

Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kufika, na mayu, ndivyo tulivyomwita mama, alikuwa amechimba kibwawa cha perege kando ya mboga zake. Adhuhuri moja nilikuta maji yamekuwa ya kijani na samaki wote wako juu, wameachama midomo. Nikadhani wanaomba chakula, nikakimbilia pumba.

“Usiwape! Hawana njaa, wanakosa hewa,” mayu alisema. “Mvua imeingiza samadi ya zizini, bwawa limeshiba mno.”

“Kumbe bwawa nalo linakula?”

Tuliopoa utando kwa chandarua chakavu, tukaziba njia ya maji ya zizini, kisha akawa anamwaga maji ya kisima kutoka juu, ndoo kwa ndoo. Nilidhani anawachezea samaki mvua. Leo najua alikuwa akiwaingizia hewa.

Jioni perege walizama mmoja mmoja. Mayu akatumbukiza miguu majini, akaanza kucheka peke yake, maana walikuwa wanamdonoa vidole.