Baba na Karatasi ya Mgeni wa Dawa

Baba ni mganga wa zahanati yetu, kijijini Maguu. Mwaka jana, nikiwa likizo, alikuja bwana wa kampuni ya dawa na karatasi ya maswali: kikohozi cha watoto unakitibu kwa dawa gani? Baba akajaza kwa furaha. Aliandika dawa ambazo kabati letu lingeziona lingeshtuka, maana karatasi ya dawa aliyoizoea ni ile ya kuagizia dawa kutoka bohari ya serikali, akadhani na hii ni hiyo hiyo.

"Baba, agiza na gari la wagonjwa," nikamtania.

"Nyamaza wewe, watoto wa watu wanakohoa."

Mgeni aliposoma alitabasamu. "Bwana Mganga, tunataka kujua tu unachotumia. Hatuleti kitu."

Nilikuwa na mzaha mtamu mdomoni, nikaumeza. Baba akaichukua karatasi, akakata majina yote, na kwenye kila swali akaandika: aspirini. Ndiyo dawa pekee iliyokuwa kabatini.

"Jibu hili halitawasaidia wakubwa zangu," mgeni akasema.

"Hata mimi halinisaidii," baba akajibu, kisha akamwita mama wa kwanza kwenye foleni aingie na mwanawe.