Suruali Iliyoliwa na Betri ya Baba Mkwe

Kuna watu Buswelu ambao mpaka leo wananijua kwa makalio kabla ya jina, msicheke kwanza, ngojeni niwasimulie, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi na nadhani sasa imeshapoa.

Enzi zile za ruksa, kila kitu kilipoanza kuuzwa waziwazi, nilikuwa fundi wa betri pale Mirongo, chini ya Fundi Saidi, mzee mpole asiyepandisha sauti hata akiungua. Tulichaji betri za gari ambazo watu wa pembezoni wasio na umeme waliwashia televisheni, na zilizokufa tulizifungua, tukabadilisha vile vipande vyembamba vinavyokaa kati ya sahani za risasi (vikitoboka, sahani zinagusana, basi betri imekwisha), halafu tukaziba juu kwa lami ya moto.

Sasa, nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Kabula, Buswelu, na jibu lilikuwa bado. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe akanunua televisheni, ya kwanza mtaa ule, na betri yake ikafa siku chache kabla ya mechi kubwa ya Jumapili. Nikajitolea kuifufua mwenyewe, nikijua kabisa kwamba betri ikiwaka na mimi nimewaka. Jumapili asubuhi ndipo nikamaliza kuziba. Fundi Saidi akabonyeza lami kwa kidole.

"Hii bado laini. Iache mpaka kesho."

"Fundi, mechi ni leo. Na mke ni leo."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye chai yake.

Nikavaa suruali yangu ya kadeti, ya mtumba lakini imenyooshwa pasi mpaka inakata, nikaifunga betri kwenye keria ya baiskeli kwa mipira, nikashika njia. Barabara ile ilikuwa mashimo juu ya mashimo, na kila niliporuka nilihisi unyevunyevu huku nyuma, nikasema ni jasho tu (mtu mwenye miaka minne kwenye asidi, anasema jasho).

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umemleta mgonjwa wetu?"

Nikaunga nyaya, picha ikatokea safi, majirani waliojaa sebuleni wakapiga makofi, na mzee akanitazama kwa upendo kwa mara ya kwanza tangu anijue. Nilifurahi mno. Nyuma kulikuwa kunawasha vibaya, lakini nikajikaza, kwa sababu mtu aliyekuja kuoa hajikuni mbele za watu.

Hapo ndipo mama yake Kabula akaingia na chai. Sisi Wasukuma mama mkwe humkodolei macho, ukikutana naye unampisha kwa heshima. Mimi nikaona nizidishe adabu, wanione nimelelewa, nikasimama, nikamgeuzia mgongo kabisa, na juu ya hapo nikainama. Nikasikia kitambaa kinaachia taratibu, bila hata kelele, kama karatasi iliyolowa. Kisha nikasikia upepo.

Mechi ikakosa watazamaji. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na ile lami yangu. Aliyezinduka wa kwanza alikuwa yule yule niliyekuwa namheshimu.

"Hayo ni maji ya betri," akasema. "Yalishanilia kanga mbili. Kabula, lete ndoo za maji na magadi. Na wewe mwanangu usigeuke, simama hivyohivyo."

Akanimwagia mwenyewe, ndoo ya kwanza, ya pili, kisha maji ya magadi, mbele ya ukoo mzima na majirani, huku mimi nimefumba macho, kwa maana adabu bado ilinidai nisimtazame.

Alipomaliza akaweka ndoo chini. "Baba Kabula, mjibuni huyu leo hii. Kwa nilivyomwona, kumrudisha kwao hatuwezi tena."

Mzee alikuwa amenyoosha shingo akitafuta mpira pembeni ya kiuno changu. "Haya, tumemkubali," akasema. "Ila mtafutieni shuka, anatuzibia picha."

Ndivyo nilivyopata mke, jamani, nimelowa na nimejifunga shuka la baba mkwe. Tangu siku ile lami yangu inalala, hata mteja alie machozi, na betri siibebi tena nyuma yangu. Na mama mkwe wangu, tukikutana njiani, siku hizi ni yeye anayewahi kunigeuzia mgongo. Watu husema ni heshima, lakini mimi huyaona mabega yake yanavyotikisika.