Mama Mkwe Alipokaa Mlangoni

Kuna siku moja ya Januari haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na kila nikija kwako nikakuona umejiinamia kwenye kompyuta yako chumbani huku watu wanakuita kila dakika, inanirudia. Ilikuwa miaka ile ya tisini, mashirika yanauzwa na viwanda vinafungwa, na sisi tulikuwa tunaishi Ilemela, Mwanza, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa na mawe pande zote. Baba Kulwa, mume wangu, alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupunguzwa, kama vile mtu ni chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Alizunguka mjini akitafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha, mwishowe akapata kibarua cha kupakia mizigo kivukoni Busisi, akawa anarudi nyumbani mwisho wa wiki tu.

Mimi nilikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Kushona nilijifunza kwa masista, usichana wangu, kule Bukoba. Niliiweka cherehani sebuleni karibu na dirisha ili nipate mwanga, na hiyo ndiyo ikawa ofisi. Meza ya kukatia sikuwa nayo. Asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza, nilitandaza kitambaa juu ya jiwe bapa lililokuwa nyuma ya nyumba, nikakikandamiza pembeni kwa vijiwe, nikachora kwa chaki na kukata. Watoto wa jirani walizoea, wakawa hawalikanyagi jiwe lile asubuhi.

Kubana matumizi nilikujua, usinione hivi. Sabuni ya mche niliikata vipande nikaianika juu ya kabati ikauke, isiyeyuke haraka kwenye beseni. Mkaa uliobaki chini ya sufuria ya uji uliingia moja kwa moja kwenye pasi. Kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja nilichukua mashati yaliyochanika ambayo hayakutakiwa na mtu, nikang'oa vifungo. Vipande vya kitambaa vilivyobaki vilijaza mito ya watoto. Nayasema haya kwa kujivuna kidogo, mzee ana ruhusa. Lakini kulikuwa na kubana kwingine ambako hata wakati ule sikukusema mbele za watu. Nilishonea sindano iliyochoka, inaruka nyuzi, kwa kuona uchungu kununua nyingine. Na mchana nilikunywa chai ya rangi nikajiambia nimeshiba.

Mwaka huo mwalimu mkuu wa shule ya pale mtaani alinipa kazi ya sare za watoto wa darasa la kwanza, kaptula na sketi za bluu na mashati meupe. Aliniambia waziwazi kwamba shule ikifunguliwa sare hazijakamilika, kazi itakwenda kwa duka moja la mjini na haitarudi kwangu. Nilimwelewa. Kibarua cha kivukoni leo kilikuwepo, kesho hakipo, kwa hiyo chakula cha nyumba ile kilitegemea miguu yangu kwenye pedeli.

Ndipo mama mkwe alipokuja. Bibi Minza, mama yake mume wangu, alitokea Misungwi bila taarifa, maana simu hatukuwa nazo, na kuku kwapani na mfuko wa michembe kichwani, vile viazi vitamu wanavyokata na kukausha. Nilimwita Mayu, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Mimi ni Mhaya, mwanangu, na nilipoolewa kule kulikuwa na mawifi waliosema kwamba Wahaya ni watu wa kujidai, hawajui kumhudumia mzee. Maneno hayo nilikuwa nayo moyoni miaka yote, na siku ile alipobisha hodi yaliamka.

Unajua desturi. Mama mkwe akifika unampokea kwa magoti, unampikia, unampashia maji ya kuoga, unakaa naye. Kumgeuzia mgongo uendelee na shughuli zako ni sawa na kumwambia arudi alikotoka. Sasa cherehani yangu ilitazama dirishani, na aliyeikalia lazima akipe mgongo chumba kizima. Basi kabla Mayu hajakaa vizuri niliifunika kwa kitambaa cha kufuma, nikapanga juu yake chupa ya chai na vikombe. Ikawa meza. Mayu akanywa chai hapo, mimi nikakaa mkekani mbele yake nikisikiliza habari za ng'ombe na mvua.

Sikushona siku hiyo, wala iliyofuata. Nilimchinjia yule kuku wake mwenyewe, nikamletea soda, nikamnunulia sangara wa kukaanga, maana sikutaka arudi Misungwi akaseme mwanawe anakufa njaa mjini. Chakula kikiwa tayari nilisema mimi nimekwisha kula jikoni. Kila alipotoka kwenda chooni niliruka, nikafunua kitambaa, nikashona pindo moja, nikafunika tena. Leo nacheka nikijiona navyohangaika na vile vikombe. Lakini wakati ule nilikuwa na hofu ya kweli, kwa sababu kila jua lilipozama rundo la vitambaa lilikuwa palepale chini ya kitanda.

Aliyeniumbua ni jirani yangu Mama Eliza, bila nia mbaya. Alikuwa amezoea kuingia kwetu saa yoyote, kuacha mtoto, kuazima kibiriti, kupiga soga, kwa kuwa alijua nipo tu nyumbani. Siku hiyo ya pili aliingia, akamsalimia mgeni, "Shikamoo Bibi," akaitikiwa, kisha akanigeukia.

"Mama Kulwa, sketi ya Eliza imefikia wapi? Shule inafunguliwa Jumatatu, na naona siku hizi cherehani imelala."

"Iko karibu," nikasema, huku namkonyeza anyamaze.

Mayu alipuliza chai yake, akanywa.

Kesho yake nilikwenda bombani. Niliporudi nilikuta chupa ya chai iko sakafuni, kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya kiti, cherehani iko wazi, na Mayu amesimama kando yake. Nilitua ndoo nikapiga magoti kuomba radhi hata kabla ya kuulizwa.

"Inuka," akasema. "Mimi mshamba, lakini meza yenye pedeli sijawahi kuiona. Tangu siku ya kwanza mguu wangu uliigonga. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Niliogopa, Mayu. Niliona nitakukosea heshima."

"Heshima gani? Umenikalisha hapa na soda na samaki, nikafikiri mna nafasi. Wajukuu wananiambia wewe unashinda na chai. Sasa mimi nimekuja kumwona mwanangu au nimekuja kumla?" Alisema Kiswahili cha polepole, chenye Kisukuma ndani yake, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Halafu huyu jirani. Anaingia, anatoka, anaingia, anatoka. Na wengine vilevile, nimewaona. Unajinyima sukari, unajinyima chakula, lakini mchana wako unaugawa bure kwa kila anayebisha hodi. Hasara yako iko hapo, haiko kwenye sukari."

Nilibaki nimeshika mdomo wa ndoo. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe kushona kwangu sikukuita kazi. Watu wakiniuliza nafanya nini nilijibu kwamba nashonashona, huku natazama pembeni.

"Kule kwetu," Mayu akaendelea, "mtu akiwa shambani anapalilia, tunamsalimia tukiwa njiani, tunapita. Hatuingii kukaa juu ya matuta yake. Sasa hili ndilo shamba lako. Kaa ulime."

Akachukua kigoda cha jikoni, akakiweka mlangoni, akakaa na ungo wa dagaa mapajani akichambua mchanga. Mimi nikakaa kwenye cherehani, mgongo wangu kwake, na nakwambia mishono ya kwanza ilikwenda upande kwa aibu.

Haikupita muda nikasikia sauti ya Mama Eliza. "Hodi, Bibi. Mama Kulwa yupo?"

"Yuko kazini."

"Kazini wapi? Mbona cherehani naisikia inalia?"

"Ndiko huko huko kazini. Atatoka jua likiegemea ziwani."

Mama Eliza alicheka, akifikiri ni utani. Mayu hakucheka. Alisogea kidogo kwenye kizingiti akamwachia nafasi, akampa sindano ya mkono na shati jeupe. "Kama umekuja kukaa, kaa. Lakini shika hivi vifungo." Na usiniulize ilikuwaje, Mama Eliza akakaa, akashona vifungo huku anapiga soga zake, na soga zilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kusikia maana mikono yangu ilikuwa inafanya kazi. Alipoondoka, Mayu alimwomba akipita dukani aniletee sindano mpya ya cherehani, akampa hela kutoka kwenye pindo la khanga yake.

Mchana Mayu alipika yeye. Ugali na dagaa, basi. Akaniita nile, akanitazama mpaka sahani ikawa tupu. Mwanangu, mama mkwe wa Kisukuma anampikia mke wa mwanawe akiwa mgeni ndani ya nyumba yake. Nilikula machozi yakinitoka, na sikuyaficha.

Baba Kulwa aliporudi Jumamosi akamkuta mama yake anasonga ugali, alisimama mlangoni na mfuko begani akanitazama kwa jicho baya. Kabla hajafungua mdomo mama yake alimwambia, "Vua viatu, shika pasi." Akapiga pasi mashati mpaka jioni, jasho linamtiririka, na sijawahi kumpenda kama siku ile. Jumatatu watoto wa darasa la kwanza waliingia shuleni wamevaa. Mwalimu mkuu alikagua mishono ya shingo, akasema mwakani tena. Mayu akarudi Misungwi.

Ingekuwa imeishia hapo ningekuwa na hadithi ya kufurahisha tu. Lakini mwaka uliofuata kulitokea msiba kule kwao, tukaenda, na nilipokuwa naosha masufuria wifi yangu mmoja akaniambia mbele ya wanawake wenzake kwamba walisikia nilivyomfanya mama yao mpishi na mlinzi wa geti. Wanawake wakacheka. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kimemcheka Mayu, kwamba alikwenda mjini kwa mwanawe akafanywa mtumishi na Mhaya. Niliyaacha masufuria majini. Nilimtafuta, nikamkuta ameketi peke yake nyuma ya zizi.

"Mayu, ni kweli walikucheka?"

"Walicheka. Niliwaambia nilipata kazi Mwanza, wakacheka zaidi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinishika mkono, ukiwa bado na masizi. "Nilijua watacheka. Nilijua tangu nakaa pale mlangoni. Lakini watu wakikucheka wanachoka, wanaacha. Wajukuu zangu wangelala njaa ningefanyaje?"

Heshima ile niliyokuwa nahangaika kumtunzia kwa soda na samaki, yeye alikuwa ameshaitoa mwenyewe ili mimi nishone. Mawifi waliponiuliza baadaye kwa nini nimelia namna ile msibani, hali marehemu sikumjua vizuri, nilirudi kwenye masufuria yangu.

Basi nikuambie wazi, mwanangu, usije ukasema bibi amepiga hadithi akasahau nasaha. Kubana matumizi ni vizuri, na mimi mpaka leo sabuni yangu naianika. Lakini usianze kubana kwenye sahani yako na kwenye zana za kazi yako. Anza na saa zako, maana hizo ndizo watu wanazichota bila kuuliza wakikuona uko nyumbani. Kazi yako iite kazi, hata kama unaifanyia sebuleni na watoto wamekuzunguka. Useme saa ya kuingia na saa ya kutoka, uiseme kwa upole na usiione haya. Mgeni mpe ulichonacho, na kama ulichonacho ni dagaa, mpe dagaa. Na wanaokupenda usiwafiche hali yako. Nilipoteza siku nzuri za kazi nikimwogopa mtu ambaye alikuwa anangoja tu nimwambie afanye nini.

Mungu akupe riziki ya mikono yako mwenyewe, isikulazimu kudanganya mtu mlangoni. Akupe macho yenye afya, mgongo usiouma, na jioni uinuke kwenye kazi ukiwa na nguvu ya kucheka na wanao. Akujalie na mtu mmoja atakayekubali kuchekwa kwa ajili yako. Kama bado hujampata, niite mimi. Nauli nitajitafutia, na nikifika usihangaike na soda. Nionyeshe tu jiko liko wapi, halafu wewe nenda kazini.