Mguu wa Mama Mkwe kwa Mashini ya Picha

Siku yangu ya kwanza hospitali walinipea koti refu mpaka wagonjwa wakaniita daktari, na mimi hata jina langu sijui kusoma. Inchaji wa picha, bosi wangu, akaniambia, "Kazi yako ni kusukuma. Mgonjwa afike mzima, na asitingishike kwa mashini." Nikasukuma mpaka magurudumu ya kitanda yakastaafu kabla yangu.

Nilianzia eksirei, ile inaonyesha mfupa. Halafu wakanihamisha MRI, shimo ya sumaku inayoona nyama mpaka ndani. Inapiga kelele kama kiwanda chote cha chai kimeamka na hasira.

Sasa siku moja nikaitwa wodi ya wanawake. Mgonjwa ni nani? Mama mkwe wangu kutoka Sosiot. Kwetu hauwezi kumshika mama mkwe hata mkono, na kumtazama sana ni aibu. Mama aliungua mguu na maziwa moto tangu bibi yangu, huyo msichana wake, akiwa mdogo. Kidonda ilikataa kupona, akaificha na leso, akaendelea kuchuna chai. Sasa ilikuwa imeota nyama kama uyoga. Walikata kipande wakapima, wakapata kansa ya ngozi, ile inazaliwa kwa kidonda ya zamani. Daktari alitaka picha ya MRI ajue kama imeingia mfupa. Ikiingia, mguu unakatwa.

Nilimsukuma nikiangalia ukuta. Tuligonga milango saba. Nikawaachia masista wamlaze kwa mashini, nikasimama nyuma ya kioo na inchaji.

Picha ikatoka kama ukungu. "Ametingisha mguu," inchaji akasema. "Hapa daktari hawezi jua kitu." Akaingia kumuuliza. "Mama, mbona unavuta leso?"

"Huyo mtu kwa kioo ni bwana ya msichana wangu. Heri mkate huo mguu."

"Mama, hapa hakuna mkwe. Kuna potaa, mtu wa kusukuma kitanda."

Nikaita kutoka mlangoni, "Bosi, mwambie mama mimi nimeona ukuta tu. Na sasa natoka."

"Mwambie aende mbali," mama akasema. "Mbali kabisa."

Nilienda mbali mpaka karibu nifike Bomet. Mama akalala kama jiwe, na picha ya pili ikatoka safi: kansa ilikula nyama, mfupa haikugusa. Wakakata hiyo nyama, wakachukua ngozi ya paja wakafunika hapo.

Siku hizi nimestaafu, nachunga ng'ombe wangu wawili. Mama na miguu yake yote miwili anazunguka Sosiot akifunua leso za watu. "Hii kidonda iko na miaka ngapi?" Akipata ya zamani, anatuma bibi yangu aniulize mlango ya picha ni gani. Mimi nimeacha kazi. Mama ndio ameandikwa kazi.