Kidole Tumbo

Mwalimu wa baiolojia alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Kila Jumamosi, kwa miaka ishirini, alipita dukani kwa shemeji yake, fundi cherehani aliyemwoa dada yake, na kabla hata hajakaa vizuri ubishi ulishaanza.

"Kifandugu, kifupa hiki cha mwisho wa mgongo, ni baki la mkia," mwalimu alikuwa akisema. "Na kidole tumbo hakina kazi yoyote. Tumekirithi tu huko tulikotoka."

"Ulikotoka wewe na nyani wako!" Fundi alikuwa akipindua suruali na kumwonyesha kitambaa alichokikunja ndani ya mshono. "Na hiki utasema hakina kazi. Mwenye suruali akinenepa ndipo utakijua. Mimi siachi kitu bure, sembuse Muumba?"

Dada mtu, huko nyuma ya pazia, alikuwa akicheka mpaka mbavu zinamuuma.

Wiki hii kilichomuuma dada ni tumbo. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Daktari alisema wamechelewa kumleta, akaingia naye chumba cha upasuaji. Wanaume wawili wakabaki kwenye benchi la korido, hawana la kufanya. Fundi bado alikuwa na tepu ya kupimia shingoni.

"Shemeji," alisema hatimaye. "Hicho wanachokikata. Kweli hakina kazi?"

Mwalimu alitazama mlango wa chumba cha upasuaji.

"Umesema miaka yote. Haya, leo umeshinda. Niambie tena basi."

Mwalimu alifungua kinywa. Maneno hayo alishawaambia wanafunzi zaidi ya elfu moja. Mbele ya mtu mmoja aliyaacha, akasogea karibu na shemeji yake kwenye benchi.