Nauli ya Mama Mkwe

Noah yetu, gari la kubeba watu wanane, ilifika kutoka Japani ikiwa na harufu ya sabuni, na karatasi yenye maandishi ya kwao bado imebandikwa kiooni. Mume wangu aliifuata bandarini mwenyewe akaileta Tunduma kwa mwendo wa kubembeleza. Siku za mwanzo hakuruhusu mtu aingie na viatu. Kisha tukaenda kwa wakala wa bima, kwenye kibanda jirani na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na hapo ndipo mambo yetu yalipoharibika, ingawa tulitoka tunacheka.

Wakala aliuliza kama gari ni la kutembelea au la kubeba abiria. Bima ya abiria ilikuwa ghali, na sisi tulishajimaliza kwa ushuru. Mume wangu akasema la kutembelea. Wakala alimtazama, akamwambia mbele yangu kwamba bima hiyo itamlinda atakayegongwa, na pia mgeni aliyepakiwa bure, lakini siku gari likichukua nauli hakuna malipo. Mume wangu aliitikia kama mtu anayeambiwa afunge mlango akitoka.

Kesho yake alikuwa Mlowo anapakia abiria.

Wenye magari ya namna ile wana mtindo wao. Chini ya kiti aliweka mfuko wa khanga, na kabla ya kufika kwa trafiki wanawake waligawiwa wajifunge. Wakiulizwa, waseme wao ni ndugu na wanakwenda msibani. Abiria walizoea, wengine wakawa wanainamisha nyuso kuliko wafiwa wenyewe. Ilinichukiza. Nilimwambia anatuchuria, kilio si kitu cha kuchezea. Akanijibu kwamba khanga zile ndizo zinazosomesha watoto, na kweli zilikuwa zinawasomesha, basi nikabaki na hasira yangu.

Halafu mama yangu mdogo akafariki huko Isongole. Mama akashuka kutoka shambani kwake Mbozi, kwenye kahawa, ili tumpeleke akamzike mdogo wake.

Mama ni mwanamke wa kizamani. Kwa watu wa umri wake, mama mkwe na mkwe wake hawagusani, hawatazamani usoni, na mama mkwe hali bure jasho la mkwe. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, amejifunika hadi machoni. Kabla hatujaondoka alifungua fundo la khanga yake, akanipa nauli nimpelekee mkwe. Nilimwambia hili ni gari la nyumbani. Akasema basi atashuka. Nikaipeleka, na mume wangu akaipokea bila kugeuka.

Ukungu ulikuwa mzito kwenye miteremko ya Ileje. Gari liliteleza kwenye tope, likabingirika hadi kwenye shamba la mahindi la watu. Sisi wengine tulitoka na michubuko. Mama alivunjika nyonga. Mazishi ya mdogo wake yakafanyika bila yeye.

Daktari kule Mbeya alisema mama akifanyiwa upasuaji mapema atatembea tena. Hela ya upasuaji hatukuwa nayo, tulikuwa na bima tu. Na safari hii, nilijiambia, hatukuwa na cha kuficha. Ndugu walikuwa ndugu kweli, na msiba ulikuwa msiba.

Mkaguzi wa bima alikuja hadi wodini, baba mmoja mpole, akamwamkia mama. Mume wangu alibaki nje kwa sababu ya heshima ile ile. Mkaguzi alikuwa ameshauona mfuko wa khanga kwenye gari lililopondeka.

"Dada, kila Noah ya barabara hii inakwenda msibani," aliniambia.

Lakini akasema atachukua neno la mama, maana mzee aliye katika maumivu yale hana sababu ya kudanganya. Akamuuliza kama alilipa nauli. Nikawahi kujibu kwamba hakulipa. Mama akanikatiza.

"Nililipa. Mimi sibebwi bure na mkwe. Huyu mwenyewe ndiye aliyepeleka hela."

Nilimweleza mkaguzi desturi yetu huku nalia. Alisema anaelewa, hata yeye ana mama mkwe, ila nauli ikikaa pamoja na mfuko ule hakuna ofisi itakayomsikiliza. Aliondoka kwa adabu kama alivyokuja.

Tuliuza mabaki ya gari. Yalilipia kitanda na dawa, upasuaji hayakuufikia. Mfupa ukaunga vibaya, na mama sasa yuko kwetu Tunduma, hatembei. Hajui kwamba jibu lake ndilo lililotunyima malipo, na mimi sitamwambia. Siku nyingine namchukia mume wangu.

Lakini nyumbani mwenye nguvu za kumbeba ni yeye peke yake. Kila asubuhi anachuchumaa kando ya kitanda, nampandisha mama mgongoni kwake, naye anamtoa uani kuota jua. Mama anajifunika uso wote kwa khanga. Mume wangu anatazama chini. Hawasemeshani. Akishamweka kwenye mkeka, mama anafungua fundo lake na kunipa sarafu.

"Mpe mwenye gari," ananiambia.

Naipeleka, na mume wangu anaipokea bila kugeuka.